Kutoka Banda la Farasi Hadi Lango la Chuo

Asubuhi ya tarehe 5 Januari 1931, shule zilipofunguliwa baada ya likizo ya Krismasi, mkuu wa shule ya msingi ya Lemon Grove, karibu na San Diego katika jimbo la California, alisimama mlangoni akawagawa watoto. Weupe waliingia darasani kama kawaida. Wale ambao wazazi wao walitoka Meksiko, wapatao 75, aliwaambia kwamba nafasi zao hazimo tena humo. Waende kwenye jengo jipya la vyumba viwili lililojengwa mtaani kwao. Wazazi walipolitazama jengo lile wakalibandika jina la La Caballeriza, yaani banda la farasi, wakawarudisha watoto nyumbani.

Wengi wao walikuwa vibarua wa mashamba ya malimau. Waliunda kamati ya majirani, wakaomba msaada kwa balozi mdogo wa Meksiko, wakapata mawakili, wakafungua kesi kwa jina la Roberto Alvarez, mvulana wa miaka 12 aliyezaliwa Marekani na aliyekijua Kiingereza vizuri. Bodi ya shule ilijitetea kwamba jengo lilikuwa kwa faida ya watoto wenyewe: wajifunze lugha na desturi za Kimarekani pasipo kuwachelewesha wenzao. Jaji Claude Chambers hakushawishika. Machi mwaka huohuo aliamuru watoto warudi shuleni kwao.

Hukumu ilikuwa njema, ila ilisimama juu ya ufa. Sheria ya California wakati ule iliruhusu kuwatenga watoto wa wenyeji wa asili, wa Kichina na wa Kijapani. Wameksiko hawakutajwa, na kisheria walihesabiwa weupe. Alvarez hakushinda kwa sababu ubaguzi ni haramu; alishinda kwa sababu watunga sheria waliwasahau watu wake kwenye orodha.

Nimeanza na watoto wa shule ya msingi katika historia inayohusu vyuo vikuu, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Anayeuliza kwa nini Walatino na watoto wa wahamiaji walichelewa kufika vyuoni Marekani huangalia mwaka ambao kijana ana miaka 18 na kuhesabu barua za udahili. Mchujo ulishafanyika zamani. Na kila mara familia hizi zilipofungua lango moja kwa kesi au kwa mgomo, lango lilihamishwa mbele kidogo: kutoka darasa la kwanza hadi sekondari, kutoka sekondari hadi dirisha la ada, kutoka ada hadi karatasi za uhamiaji.

Mpaka unawavuka watu, 1848–1942

Mwaka 1848, kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Meksiko iliyoshindwa vitani iliiachia Marekani eneo kubwa la kaskazini, California ikiwemo. Ukijumlisha Texas, iliyokwisha kwenda, karibu nusu ya nchi ilikuwa imepotea. Makumi ya maelfu ya watu walilala Meksiko wakaamka Marekani. Mkataba uliwapa uraia. Ardhi yao, hata hivyo, iliwatoka polepole kupitia mahakama, madeni na hila, na waliobaki wengi waliishia kuwa vibarua kwenye ardhi ya babu zao.

Mapinduzi ya Meksiko ya mwaka 1910 yalisukuma wengine wengi kaskazini. Reli, migodi na mashamba ya pamba yaliwahitaji. Shule ziliwapokea kwa masharti: Texas na California zikajaa kile kilichoitwa waziwazi “shule za Wameksiko”, zenye vitabu vilivyochakaa, kalenda iliyofuata mavuno, na mtaala wa kushona, useremala na usafi wa mwili. Mwenye shamba hakuwa na haja ya kibarua anayejua aljebra. Aghalabu masomo yaliishia madarasa ya chini, na chuo hakikuwa hata ndoto.

Katika moja ya shule hizo, ile ya Welhausen mjini Cotulla, kusini mwa Texas, mwaka 1928 alifika mwalimu kijana aliyekuwa amekatiza masomo ya chuo kwa kukosa fedha. Aliwaona wanafunzi wakija shule na njaa. Jina lake lilikuwa Lyndon Johnson, na tutakutana naye tena.

Mdororo wa uchumi ulipoanza mwaka 1929, vibarua walewale waliokuwa lulu wakageuka mzigo. Mamia ya maelfu walirudishwa Meksiko kwa treni na malori, wengi wao raia waliozaliwa Marekani. Kisha vita vikaja, mikono ikahitajika tena, na mwaka 1942 serikali mbili zikatiliana saini mpango wa vibarua wa muda, maarufu kwa jina la Bracero. Kuitwa wakati wa kazi na kufukuzwa wakati wa njaa: mtoto anayekulia katika hali hiyo hasomi shule moja miaka 12 mfululizo.

Familia ya Mendez, 1943–1954

Kesi iliyobadili mambo ilizaliwa kwenye shamba la mtu mwingine. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwakusanya Wajapani wa pwani ya magharibi ikawafungia kambini, wakiwemo familia ya Munemitsu iliyolima mboga Westminster, kusini mwa Los Angeles. Ili wasipoteze shamba, walilikodisha kwa Gonzalo Mendez, mzaliwa wa Meksiko, na mkewe Felicitas, mzaliwa wa Puerto Rico. Hivyo familia moja iliyobaguliwa iliokoa ardhi ya nyingine, na mapato ya shamba hilo yakalipia kesi.

Shangazi wa watoto aliwapeleka kuandikishwa katika shule ya 17th Street, pamoja na wanawe mwenyewe. Wanawe walikuwa na ngozi nyeupe zaidi na jina la ukoo lililosikika kama la Kifaransa, wakakubaliwa. Sylvia Mendez na kaka zake, weusi kidogo na wenye jina la Kimeksiko, wakaambiwa waende shule ya Hoover. Shangazi akawachukua wote akarudi nao nyumbani.

Gonzalo angeweza kuchukua njia nyepesi. Wilaya ya shule ilikuwa tayari kumfanyia upendeleo, watoto wake waingie na wengine wabaki. Alikataa, akazunguka vijijini kutafuta wazazi wenzake, na mwaka 1945 familia tano zikashtaki wilaya nne kwa niaba ya watoto wapatao 5,000. Wakili wao, David Marcus, hakurudia hoja ya Lemon Grove peke yake. Alileta wataalamu wa elimu na wa jamii waeleze mahakamani kwamba kutengwa kwenyewe kunamwumiza mtoto, hata jengo likiwa zuri. Februari 1946 Jaji Paul McCormick aliwapa ushindi, na mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikauthibitisha. Katika rufaa hiyo chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, kilipeleka maelezo ya kuunga mkono yenye jina la wakili Thurgood Marshall. Gavana wa California, Earl Warren, akatia saini kufuta vifungu vya ubaguzi katika sheria za shule.

Mwaka 1954 Warren, sasa akiwa Jaji Mkuu wa Marekani, alisoma hukumu ya Brown iliyoharamisha ubaguzi wa rangi mashuleni nchi nzima, katika kesi iliyotetewa na Marshall. Wanahistoria hupenda kuiita kesi ya Mendez mazoezi ya Brown. Mimi naona jina hilo linaidogosha. Lilikuwa tendo kamili la watu wa mashambani, na laiti vitabu vya shule vya Marekani visingelisahau kwa nusu karne.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, mamia ya maelfu ya Walatino walirudi nyumbani, na sheria ya mwaka 1944 iliyowalipia askari gharama za masomo ikawafungulia baadhi yao vyuo. Baadhi tu, kwani ili uingie chuoni lazima uwe umemaliza sekondari, na wengi walikuwa wametolewa shambani hadi kambini bila cheti. Daktari Hector P. Garcia wa Corpus Christi alianzisha American GI Forum mwaka 1948 kwa sababu hata haki za askari wa Kimeksiko zilikawia au kunyimwa. Hata hivyo kile kizazi kidogo cha mawakili, walimu na madaktari waliosoma kwa fedha za jeshi ndicho kilichosimamia mengi ya yaliyofuata.

Miami na New York, 1959–1976

Huko Florida historia ilikwenda tofauti. Baada ya Fidel Castro kushika madaraka mwaka 1959, Wakuba walimiminika Miami. Wa kwanza walikuwa kwa sehemu kubwa wasomi na watu wa biashara, na Washington iliwahesabu kuwa washirika katika Vita Baridi. Serikali iliwapa posho, mafunzo ya lugha, hata mikopo ya masomo ya chuo. Chuo cha jamii kilichofunguliwa mwaka 1960, ambacho leo huitwa Miami Dade College, kiliwapokea kwa maelfu, na sheria ya mwaka 1966 ikawarahisishia njia ya ukaazi wa kudumu.

Sibezi juhudi za Wakuba. Lakini ukiwaweka kando ya Wameksiko wa Texas, wenye lugha ileile na dini ileile, unaona jinsi hoja ya “utamaduni usiothamini elimu” isivyosimama. Mmoja alipewa hati na mkopo, mwingine akapewa banda.

Wapuerto Rico walikuwa na hati tangu mwaka 1917, raia kamili, na bado hawakufika mbali. New York iliwaweka katika shule zilizozidiwa na walimu wasiojua neno la Kihispania. Mwaka 1961 Antonia Pantoja alianzisha ASPIRA, vilabu vya vijana vyenye washauri wa masomo waliowaelekeza jinsi ya kuomba chuo, jambo ambalo watoto wa tabaka la kati hulijua kwa kukaa mezani na wazazi wao. Aprili 1969 wanafunzi weusi na Wapuerto Rico waliteka majengo ya City College huko Harlem wakidai chuo cha umma kifanane na jiji lenyewe. Mwaka 1970 vyuo vya jiji vilifungua milango kwa kila aliyemaliza sekondari, na huko Bronx Kusini chuo cha jamii chenye jina la Mpuerto Rico, Eugenio María de Hostos, kikaanza kufundisha.

City College ilikuwa haitozi ada tangu ilipoanzishwa mwaka 1847, enzi za watoto wa wahamiaji wa Kijerumani na baadaye wa Kiyahudi. Miaka sita baada ya milango kufunguliwa, mwaka 1976, jiji likiwa ukingoni mwa kufilisika, ada ilianza kutozwa. Msukosuko wa fedha ulikuwa wa kweli. Lakini utaratibu uliodumu miaka 129, vita viwili vya dunia na mdororo mkuu ulivunjika mara tu wanafunzi walipobadilika, na sioni kwa nini msomaji asilitilie jambo hilo maanani.

Mwaka wa kutoka nje, 1965–1973

Tarehe 8 Novemba 1965 Lyndon Johnson, sasa rais, alirudi katika chuo chake cha San Marcos, Texas, kutia saini Sheria ya Elimu ya Juu. Katika hotuba yake aliwakumbuka watoto wa Cotulla waliofungiwa chuo kwa umaskini. Sheria hiyo ilileta misaada na mikopo ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye uhitaji, na mwaka 1972 ikaongezwa ruzuku isiyorudishwa ambayo baadaye iliitwa Pell. Kwa familia ya kibarua, hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko hotuba zote.

Mwezi mmoja tu kabla, Johnson huyohuyo alikuwa ametia saini sheria mpya ya uhamiaji. Inasifiwa kwa kuondoa upendeleo kwa Wazungu wa Ulaya, na inastahili. Ila ilibeba kifungu kilichopita kimyakimya: kwa mara ya kwanza wahamiaji wa bara la Amerika waliwekewa kikomo, 120,000 kwa mwaka. Mpango wa Bracero ulikuwa umekwisha kufutwa mwishoni mwa 1964. Mwaka 1976 kila nchi ya bara hilo, Meksiko ikiwemo, ilipimiwa 20,000. Mashamba yaliendelea kuwaita watu walewale kwa kazi ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa walivuka bila hati. Kundi la “wasio na hati” ambalo lingetawala mjadala wa vyuo miaka 30 baadaye lilitengenezwa hapo, kwa kalamu.

Machi 1968 vijana wa mashariki mwa Los Angeles walichoka. Katika shule zao karibu nusu ya wanafunzi waliacha kabla ya kumaliza, wengine waliadhibiwa kwa kusema Kihispania, na washauri wa shule waliwasukuma wavulana kwenye ufundi magari na wasichana kwenye upigaji chapa. Cheche ilikuwa ndogo: mkuu wa shule ya Wilson alifuta mchezo wa kuigiza, wanafunzi wakatoka nje. Siku zilizofuata zikatoka Garfield, Roosevelt, Lincoln na Belmont, maelfu kwa maelfu, wakidai masomo ya kuwaandaa kwa chuo, walimu wanaowaelewa na historia yao vitabuni. Sal Castro, mwalimu wa Lincoln, alitoka pamoja nao. Yeye na wengine 12 walishtakiwa kwa njama, mashtaka ambayo hatimaye yalitupwa. Matokeo yalionekana haraka kuliko walivyotarajia. Vyuo vya California vilianza kutafuta wanafunzi mitaa ile, idara za masomo ya Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, zikaanzishwa, na mwaka 1969 wanafunzi wakakutana Santa Barbara kuandika mpango wa kudai nafasi yao katika elimu ya juu.

Mgomo mwingine wa mwaka 1968 haukupata kamera nyingi, nao nauona mzito zaidi. Mwezi Mei wanafunzi wa Edgewood, San Antonio, walitoka kwa sababu ya madirisha yaliyovunjika na walimu wasio na vyeti. Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati na mzazi wa wanafunzi wa wilaya hiyo, akafungua kesi pamoja na wazazi wenzake. Takwimu zilizofika mahakamani zinasomeka kama dhihaka. Shule za Marekani hutegemea kodi ya majengo. Edgewood walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali, kiwango cha juu kuliko wote jijini, wakapata dola 26 kwa mwanafunzi. Alamo Heights, mtaa wa matajiri jiji hilohilo, walijitoza senti 85 wakapata dola 333. Maskini walijikamua zaidi wakavuna kidogo.

Machi 1973 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kwa kura 5 dhidi ya 4: elimu si haki iliyotajwa katika katiba ya nchi, na tofauti hizo ni halali. Miongoni mwa waliopinga alikuwa Thurgood Marshall, sasa jaji. Tangu siku hiyo kuwa mtoto wa mtaa maskini kuliachwa kuwa suala la kila jimbo, na Walatino wengi waliishi mitaa ya namna hiyo. Lango halikuwa na jina la kabila tena. Lilikuwa na bei ya nyumba.

Tyler, Texas, 1975–1982

Mwaka 1975 bunge la Texas liliruhusu wilaya kukataa watoto wasio na hati, au kuwatoza. Wilaya ya Tyler, mji wa mashariki mwa jimbo unaosifika kwa mawaridi, mwaka 1977 ilidai dola 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto. Familia nne zilikubali kushtaki, zikijua kujitokeza mahakamani kungeweza kuwarudisha Meksiko. Jaji William Wayne Justice alipanga kikao saa kumi na mbili asubuhi ili wasionekane na umati. Baadhi yao walikuja na mizigo garini, tayari kwa kufukuzwa moja kwa moja kutoka mahakamani.

Walitetewa na MALDEF, shirika la mawakili lililoanzishwa San Antonio mwaka 1968. Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama ya Juu iliwapa ushindi, tena kwa kura 5 kwa 4. Jaji William Brennan alieleza kwamba mtoto hachagui kuvuka mpaka, na kwamba kumnyima elimu ni kutengeneza tabaka la kudumu la wasiojua kusoma ndani ya nchi. Miaka minane kabla, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco iitwayo Lau, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeamua kwamba kumweka mtoto katika darasa asiloelewa lugha yake pasipo msaada si kumpa elimu. Msomaji wa Kiswahili ana ndugu wanaonufaika na hukumu hiyo: watoto wa wakimbizi wa Kongo waliopelekwa miji kama Lexington na Louisville huko Kentucky hupata mafunzo ya Kiingereza shuleni kwa msingi huohuo.

Uamuzi wa Tyler ulikuwa na mwisho wake ndani yake. Ulihusu darasa la kwanza hadi la 12. Mtoto aliyelelewa na shule ya umma, akaapa mbele ya bendera kila asubuhi, akaongoza mtihani, alifika Juni ya mwaka wa mwisho akakuta sheria haimjui. Hakuruhusiwa kufanya kazi, hakustahili ruzuku ya Pell, na chuo cha umma kilimhesabu mgeni na kumtoza ada ya mtu wa nje, ambayo aghalabu ni mara mbili au tatu ya ile ya mkaazi. Wengi waligundua kwamba hawana hati siku walipomwomba mama namba ya hifadhi ya jamii ili wajaze fomu ya chuo.

Mwaka huohuo wa 1982, katika shule ileile ya Garfield iliyogoma mwaka 1968, wanafunzi 18 wa mwalimu mhamiaji kutoka Bolivia, Jaime Escalante, walifaulu mtihani wa hesabu za juu wa kiwango cha chuo. Wenye mtihani wakawashuku 14 kwa udanganyifu. Kumi na wawili walirudia, wote wakafaulu. Filamu ya mwaka 1988 iliwafanya maarufu, lakini ilificha jambo la maana: Escalante alihitaji miaka kadhaa ya kujenga hesabu tangu madarasa ya chini, na alipoondoka mpango ule ulififia. Muujiza wa mtu mmoja haujawahi kuwa mfumo.

Hasira ya California na ubunifu wa Texas, 1986–2001

Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986 iliwapa hati watu wapatao milioni 2.7, na watoto wao wakapumua. Vyuo vyenye Walatino wengi vikaungana mwaka huo kuunda umoja wao mjini San Antonio. Kuanzia 1992 chuo chenye angalau asilimia 25 ya wanafunzi Walatino kilitambuliwa kisheria kuwa na stahili ya fedha za pekee. Huko mpakani, MALDEF ilishtaki Texas mwaka 1987 kwa kuwanyima watu wa kusini mwa jimbo vyuo vya maana. Kesi ilishindwa mwaka 1993, ila bunge lilikwisha kuona haya: fedha zilitolewa, vyuo vikakua, na leo bonde la Rio Grande lina chuo kikuu chake na shule ya udaktari.

Upepo ukageuka. Mwaka 1994 wapiga kura wa California, asilimia 59, waliunga mkono Pendekezo 187 la kuwafukuza wasio na hati hata shule za msingi. Mahakama ililizuia, lakini vijana walioandamana dhidi yake ndio baadaye walioshika viti vya bunge la jimbo. Mwaka 1996 yalikuja matatu kwa mpigo. California ilipiga marufuku kuzingatia asili ya mtu katika udahili. Mahakama ya rufaa ikafanya vivyo hivyo kwa Texas. Na Bunge la Marekani likakataza majimbo kuwapa wasio na hati nafuu ya ada kwa kigezo cha ukaazi, isipokuwa nafuu hiyohiyo iwe wazi kwa raia yeyote.

Texas ilijibu kwa akili. Mwaka 1997, kwa juhudi za wabunge kama Irma Rangel na Gonzalo Barrientos, ilitunga sheria kwamba asilimia 10 ya juu ya kila sekondari iingie chuo kikuu chochote cha umma jimboni. Ubaguzi wa mitaa ukageuzwa ngazi: shule iliyojaa Walatino watupu ilihakikishiwa viti vyake. Mwaka 2001 jimbo hilohilo likakwepa kizuizi cha serikali kuu kwa kutumia kigezo kingine kabisa. Atakayepata nafuu ya ada ni aliyesoma sekondari za Texas miaka mitatu na kumaliza, awe na hati au asiwe nazo. Gavana wa chama cha Republican, Rick Perry, alitia saini. California ikafuata mwaka huohuo, na kwa miaka 20 majimbo kama 20 yakaiga. Mengine yalikwenda kinyume: South Carolina na Alabama ziliwafungia vyuo vya umma, na Georgia ikawazuia vyuo vyake vikuu vinavyogombewa zaidi.

Kuingia si kumaliza

Idadi ilipaa. Mwaka 2000 Walatino vyuoni walikuwa kama milioni 1.5, miaka 20 baadaye walizidi milioni 3. Walioacha sekondari walishuka kutoka zaidi ya robo hadi chini ya asilimia 10. Kwa kizazi kimoja hilo ni jambo kubwa. Na bado mtu mzima Mlatino mwenye shahada alibaki takriban mmoja kwa watano, nusu ya kiwango cha Wazungu.

Sababu mojawapo ni mahali wanapoanzia. Wengi huanza chuo cha jamii, kwa kuwa ni nafuu, kipo karibu, na kinaruhusu kufanya kazi jioni na kumsaidia mama kulipa kodi ya nyumba. Kwa mpango, mwanafunzi husoma miaka miwili kisha akahamia chuo kikuu. Kwa vitendo alipewa mtihani siku ya kwanza, akatupwa kwenye masomo ya kurudia yasiyohesabika kwa shahada, akalipia muhula baada ya muhula hadi ruzuku na subira vikaisha. California ilipoyabana masomo hayo kwa sheria ya mwaka 2017 na kuwaweka wanafunzi moja kwa moja katika kozi za kawaida, waliofaulu hesabu za mwaka wa kwanza waliongezeka sana. Dawa nyingine ilijulikana tangu 1981: mpango wa Puente wa chuo cha Chabot, uliounganisha darasa la uandishi, mshauri anayemjua mwanafunzi kwa jina, na mlezi kutoka jamii yake.

Kisha kuna fomu. Msaada wa serikali hupitia fomu inayodai mapato ya wazazi. Mkimbizi wa Kongo, kwa hadhi aliyopewa na dola, kwa miaka mingi ameweza kuijaza. Mtoto raia mwenye wazazi wasio na hati pia anastahili, lakini inambidi aandike majina ya baba na mama yake kwenye karatasi ya serikali inayoweza kuwafukuza. Fomu mpya iliyotoka mwishoni mwa Desemba 2023 iliwakwamisha hasa hao kwa miezi, kwa kuwa mtandao haukumtambua mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii.

Tarehe ileile, 2001–2025

Agosti 2001 maseneta Dick Durbin na Orrin Hatch, mmoja kwa kila chama, waliwasilisha mswada wa DREAM, njia ya uraia kwa waliokulia Marekani bila hati. Wiki chache baadaye yalitokea mashambulizi ya Septemba 11 na neno mhamiaji likabadilika sura. Desemba 2010 mswada ulipita Baraza la Wawakilishi, ukapata kura 55 katika Seneti iliyohitaji 60. Vijana waliokuwa wamevaa joho la mahafali kwenye roshani za Seneti waliondoka bila kitu.

Waliendelea kugoma kwa kukaa ndani ya ofisi za wanasiasa, na tarehe 15 Juni 2012, miaka 30 kamili tangu uamuzi wa Tyler, Rais Obama alitangaza DACA: kibali cha kazi na kinga ya muda ya kutofukuzwa. Zaidi ya vijana 800,000 walipita humo. Wauguzi, walimu na wahandisi wametoka miongoni mwao. Lakini haikuwa sheria. Rais Trump aliifuta 2017, Mahakama ya Juu ikairudisha 2020 kwa hitilafu ya utaratibu, na kesi nyingine za Texas zikafunga maombi mapya. Kubwa zaidi ni kalenda yake: mwombaji awe ameishi Marekani mfululizo tangu Juni 15, 2007. Kijana anayemaliza sekondari sasa alikuwa mchanga siku hiyo, au hajazaliwa. Kibali kilichosifiwa kimezeeka pamoja na walengwa wake, na waliokuja nyuma yao wako palepale walipokuwa vijana wa 1982.

Juni 2023 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku kuzingatia asili katika udahili nchi nzima. Mwaka 2025 Florida ilifuta nafuu ya ada iliyoitoa 2014, na serikali kuu ikatangaza kusitisha ruzuku za ushindani kwa vyuo vyenye Walatino wengi. Tarehe 4 Juni mwaka huo serikali kuu iliishtaki Texas kwa ile sheria ya 2001. Jimbo halikujitetea; liliungana na mlalamikaji, na siku hiyohiyo jaji akaifuta sheria iliyodumu miaka 24. Kesi za namna hiyo zikafunguliwa Kentucky, Minnesota na Oklahoma. Huko Texas mahafali ya Mei yalikuwa yamekwisha, barua za udahili ziko mikononi, na vyuo vikaagizwa kuwatambua wasio na hati ili watozwe ada ya wageni muhula wa vuli. Kwa kuwa mdai na mdaiwa walikuwa upande mmoja, hakuna aliyekuwa amezungumza kwa niaba ya wanafunzi. Wiki hiyohiyo ya hukumu na zilizofuata walianza kutafuta mawakili, na walioomba mahakama iwasikilize walikuwa MALDEF, walewale wa Tyler.